"Sikuuliza saa": kumtengenezea nahodha mstaafu saa ya maji

"Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kisauni, na baba yangu anakaa Mji wa Kale. Alikuwa nahodha wa vyombo vya uvuvi kwa miaka arubaini. Sasa miguu imemkataa, hatoki nyumbani, na bahari haioni tena kwa sababu nyumba ya mbele imeongezwa ghorofa. Kutwa anatuuliza, 'Maji yako wapi?' Tukimjibu kwamba ni saa nane na nusu, anakasirika: 'Sikuuliza saa.' Nikaona nimtengenezee saa ya mbao, kitu cha kusogea, kimwonyeshe kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Kwanza nilijaribu saa ya gololi kwa ramani niliyoipata mtandaoni. Gololi inateremka njia ya kwenda na kurudi, ikifika chini inagonga kidude, ubao unapinduka, inaanza tena. Inakosea hadi robo saa kwa siku, na kila siku nne tano inakwama. Ninayo pia saa ya kale ya pendulamu, shemeji aliileta kutoka Ujerumani. Huko ilikuwa sahihi kabisa, hapa inachelewa dakika mbili kila siku. Nimeisafisha mara tatu. Je, ni hewa yetu ya chumvi? Na kaka yangu anasema saa isiyo na dakika si saa, ni mchezo wa watoto. Ni kweli? Mzee sasa hata usiku huamka na kutuamsha, swali ni lile lile."

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye maneno ya mzee: "Sikuuliza saa." Kazi yangu ni saa za mwendo, zile ambazo mtu husoma wakati kwa kutazama kitu kinachopanda, kinachoteremka au kinachojaa. Sijawahi kupata agizo lililo wazi kuliko hilo. Mzee anajua anachotaka, sisi ndio tunaompelekea kitu kingine.

Umeniuliza mambo kadhaa na yote umeyatia kapu moja, kapu la chumvi. Chumvi ina lawama yake na nitaifikia. Lakini saa ya Ujerumani haina ugonjwa wowote, na wewe hujakosea popote katika kuisafisha. Iache.

Pendulamu huyumba kwa sababu ardhi inaivuta. Kiuzani kiwe kizito au chepesi, mwendo ni ule ule. Kinachoamua ni urefu wa ufito na nguvu ya mvutano wa dunia mahali saa ilipotundikwa, na mvutano huo haulingani kila mahali. Dunia imetuna kiunoni. Sisi tulio karibu na ikweta tuko mbali kidogo zaidi na kitovu chake, na kule kuzunguka kwake pia kunatupunguzia uzito kidogo. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa, Jean Richer, alikwenda Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini, nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Pendulamu iliyopimwa Paris ikawa inachelewa kama dakika 2 na nusu kila siku, hata akalazimika kuifupisha. Baadaye Newton aliutumia ushahidi huo kueleza kwamba dunia si duara kamili. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo yaliyompata Richer ndiyo yaliyokupata wewe. Ukipiga hesabu ya mvutano wa Ujerumani na wa kwetu, pendulamu iliyotiwa majira kule lazima ichelewe hapa dakika 2, na ushei kidogo kama ilitoka kaskazini ya nchi ile. Joto letu nalo hurefusha ufito, lakini hata ufito wa shaba nyeupe ukipata joto la nyuzi 10 zaidi, saa huchelewa sekunde 8 tu kwa siku.

Dawa iko chini ya kiuzani. Kuna nati ndogo pale. Izungushe ili kiuzani kipande juu. Kama ufito una sentimita 25 hivi, kama saa nyingi za ukutani, unahitaji kufupisha milimita 0.7 tu; kama ni ile ndefu ya karibu mita moja, milimita 3 kasoro kidogo. Zungusha kidogo, subiri siku nzima, linganisha, zungusha tena. Ukiharakisha hapa utaizungusha nati hiyo wiki mbili.

Gololi ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanaoanza kutengeneza saa hizi huanguka. Kila saa ina kazi mbili: kuutunza wakati na kuuonyesha. Mtu akiona gololi inateremka vizuri, hudhani kwamba gololi hiyo hiyo yaweza kuutunza. Mwingereza William Congreve alidhani hivyo, akapata hataza ya saa kama yako mwaka 1808. Ni kitu kizuri mno kukitazama, na hadi leo watu wanakinakili, lakini kwa kutunza wakati kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza. Fikiria: gololi yako inapita njia hiyo mara elfu na zaidi kwa siku. Punje ya vumbi, ubao uliovimba kwa unyevu wa masika, alama ya kidole chenye mafuta, kila kimoja huiongezea au kuipunguzia sehemu ya sekunde, na makosa hayo hurundikana. Kwako ni mabaya zaidi, kwa sababu gololi ni ya chuma na hewa ya baharini huipaka kutu nyembamba usiyoiona kwa macho. Hapo ndipo chumvi inapohusika. Ukiitaka saa hiyo iendelee, tia gololi za kioo, zile za watoto, au za chuma kisichoshika kutu, na uipokonye gololi kazi ya kutunza wakati. Miaka ya 1970 Marekani ziliuzwa saa za gololi zilizokwenda vizuri kabisa. Siri yake ni kwamba mota ndogo ndiyo iliyohesabu. Kila dakika mkono wake uliinua gololi moja na kuiweka relini, na gololi kazi yake ilikuwa kuonekana.

Shika hilo, maana tutalitumia: acha kitu kimoja kitunze, kingine kionyeshe.

Sasa kaka yako. Mwambie kwa heshima kwamba akrabu ya dakika ni mgeni. Kabla mwanasayansi Mholanzi, Huygens, hajatengeneza saa ya pendulamu mwaka 1656, saa nyingi za Ulaya zilikuwa na akrabu moja tu, ya saa, na watu waliuza, waliswali, walisafiri na walifika. Al-Jazari, yule mhandisi mkubwa wa Kiislamu, mwanzoni mwa karne ya 13 alieleza saa iliyokaa juu ya sanamu ya ndovu. Ndani yake bakuli lenye tundu lilielea juu ya maji, likajaa taratibu, na kila nusu saa likazama na kuvuta nyuzi zilizowatikisa ndege na watu wa sanamu. Baba yako ataielewa saa hiyo kuliko mimi, amewahi kuketi ndani ya chombo kinachovuja. Na usidhani ni mambo ya kale tu. Berlin kuna saa ya maji ya Mfaransa Bernard Gitton, ya mwaka 1982, yenye urefu wa mita 13, ambapo maji ya rangi hujaza vyombo vya kioo na mtu husoma saa kwa kuhesabu vilivyojaa. Cambridge mwaka 2008 John Taylor alizindua saa isiyo na akrabu, yenye dude kama panzi linalotembea juu ya ukingo wake. Mwendo wake umetengenezwa makusudi usimame kidogo, ukimbie kidogo, na saa huwa sahihi kamili mara moja tu kila dakika 5. Hakuna aliyewahi kusema hiyo si saa.

Usahihi na udogo wa vipande ni vitu viwili mbalimbali. Saa ni sahihi inapojibu swali iliyoulizwa. Anayewahi treni anauliza dakika. Baba yako anauliza kama maji yanaingia au yanatoka, yamebakisha kiasi gani, na leo ni bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu, yaani madogo. Saa ya ukutani yenye usahihi wa sekunde moja haimjibu hata moja kati ya hayo, kwa hiyo kwake yeye ndiyo yenye kosa.

Tena sisi watu wa huku tumezoea kuishi na zaidi ya saa moja bila kujua. Mtoto wa Mombasa akiona akrabu fupi iko kwenye 7, mdomo wake unasema saa moja. Anahesabu kutoka jua linapochomoza, na sahani ya saa inahesabu kutoka usiku wa manane. Hesabu yetu inawezekana kwa sababu jua letu ni tulivu: mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hapa hutofautiana kama nusu saa hivi. Hata hivyo jua halifuati saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na 40, kwa hiyo jua letu liko nyuma kama dakika 21. Ongeza na mwendo wa dunia usiolingana mwaka mzima, utakuta mwanzoni mwa Novemba jua linafika utosini kama saa sita na dakika 5, na katikati ya Februari kama saa sita na dakika 36. Mzee wako ameishi kwa jua, kwa mwezi na kwa pepo, akaitumia sahani ya saa alipokuwa na shughuli mjini tu. Kumkosesha bahari ni kumpokonya saa yake kuu. Ndiyo maana ninaichukulia barua yako kwa uzito.

Basi tuitengeneze.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku ya mwezi, na siku ya mwezi ni ndefu kuliko ya jua kwa kama dakika 50. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 kwa wastani. Mezani kwangu hesabu hiyo hugeuka kuwa meno ya gurudumu kwa njia nzuri ajabu. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu. Katika siku hizo akrabu fupi ya saa ya kawaida huzunguka mara 59, na maji hujaa mara 57. Kwa hiyo tengeneza gurudumu la meno 57, lifunge kwenye mhimili wa akrabu ya saa, likamatane na gurudumu la meno 59. Hilo la pili litazunguka mara moja kila saa 12, dakika 25 na sekunde 16. Bahari yenyewe, upande wa mwezi, ni dakika 25 na sekunde 14. Katika mwezi mzima utakosea kama dakika moja na nusu. Ndugu yangu, kwa plaiwudi ya milimita 3 huwezi kuomba zaidi ya hapo.

Ungeweza kuishia hapo, ukatia akrabu moja kwenye gurudumu la 59, ukaandika "kujaa" juu na "kupwa" chini. Saa za namna hiyo zinauzwa tayari, zenye mashine ya betri moja, na nikuambie ukweli: kama unataka mzee apate jibu wiki hii, nunua hiyo, itundike, uendelee kutengeneza yako polepole. Pwani yetu inaifaa, kwa sababu maji yetu ni ya mara mbili kwa siku yanayofanana. Upungufu wake ni kwamba haijui bamvua. Itamwambia yanajaa, lakini haitamwambia kama leo yatafika ngazini au yataishia mbali kwenye mchanga, na nahodha hilo hawezi kulisahau.

Bamvua huja kwa sababu wavutaji ni wawili. Mwezi una nguvu kubwa, na jua, kwa pwani yetu, lina kama nusu yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huvuta pamoja, na siku moja mbili baadaye maji ya bandari ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huvutana, nasi tunapata maji mafu, kama mita moja tu. Mwanasayansi William Thomson wa Glasgow, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alitengeneza miaka ya 1870 mashine ya kutabiri maji kwa wazo ambalo mvuvi yeyote angeliweza kulielewa: mshipi mmoja unapita kwenye kapi nyingi, kila kapi hupandishwa na kushushwa na gurudumu lake, na mwisho wa mshipi hujumlisha yote. Yeye alitumia magurudumu mengi. Wewe unahitaji mawili tu, na tayari unayo. Gurudumu lako la 57 huzunguka kwa saa 12 kamili, kwa hiyo ndilo jua. La 59 ni mwezi.

Kwenye gurudumu la mwezi tia kipini umbali wa sentimita 3 kutoka katikati. Kwenye la jua tia kipini umbali wa sentimita 1 na nusu. Kila kipini kibebe kapi ndogo inayozunguka kirahisi. Mshipi mwembamba wa kuvulia uufunge juu ya ubao, uuteremshe upite chini ya kapi ya kwanza, upande juu kwenye kapi iliyogandishwa ubaoni, uteremke tena chini ya kapi ya pili, upande, na mwisho uning'inize mashua ndogo ya kuchonga mbele ya ubao. Vipini vyote viwili vikiwa chini, mashua iko juu kabisa. Siku za bamvua itapanda na kushuka sentimita 18, na siku za maji mafu sentimita 6, yenyewe, bila mtu kuigusa, kwa uwiano ule ule wa bahari ya Kilindini. Sehemu za mshipi ziwe ndefu, angalau mara kumi ya umbali wa kipini, kwa sababu zikiwa fupi mwendo wa pembeni wa kipini utaharibu hesabu. Na usijali kwamba gurudumu moja linazunguka kinyume cha jingine. Mshipi unajua juu na chini tu.

Mwendo huu una jambo moja linalonifurahisha kila ninapolifikiria. Mabaharia hukigawa kimo cha maji mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Karibu na kujaa maji husita, katikati hukimbia. Kipini kinachozunguka hufanya hivyo hivyo chenyewe. Kikiwa juu au chini, mashua haiondoki mahali pake. Kikiwa ubavuni, mashua inakwenda. Mzee akiiona imesita atajua, bila kusoma herufi wala namba.

Kikwazo ni nguvu. Mashine ndogo ya kwatsi ya betri haikukusudiwa kuinua mzigo. Tafuta ile yenye nguvu zaidi inayouzwa kwa ajili ya akrabu ndefu, kisha uipunguzie kazi kwa mizani: kama mashua ina gramu 5, kila kapi ya kwenye kipini iwe na uzito wa gramu 10. Mshipi unaivuta kapi juu kwa nguvu mara mbili ya uzito wa mashua, uzito wa kapi unaivuta chini kwa kiasi hicho hicho, na gurudumu linabaki bila upande mzito. Mashine itabaki kushindana na msuguano peke yake. Lijaribu kwa kidole kabla ya kulifunga: gurudumu likizungushwa lisimame popote unapoliacha, lisijirudishe. Kama bado linagoma baada ya kulainisha kila kitu, hamia kwenye mota ya hatua inayoongozwa na kidude cha elektroniki chenye saa yake na betri yake. Hiyo ina nguvu ya kutosha, lakini sharti uipange ikumbuke ilipokuwa stima ikipotea, na stima yetu unaijua. Mimi ningeanza na betri. Nyumbani kwa mzee kitu kisicho na waya kina amani yake.

Kuhusu meno, usiyakate kwa msumeno wa mkono hata kama mkono wako ni mzuri. Mtu mwenye mashine ya kukata kwa leza atayakata yote mawili kwa muda mfupi. Ukichagua jino la moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 1.5, umbali kati ya mihimili miwili utakuwa milimita 87. Acha tundu moja lenye nafasi ndogo ya kusogeza. Plaiwudi ipake vanishi pande zote mbili na kwenye meno pia kabla ya kuifunga, ili isinywe unyevu. Mihimili iwe ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Grisi usitie kabisa kwenye mbao, hunasa mchanga na chumvi ikawa msasa. Ubao wa nyuma ningeuchagua mbambakofi, mti uliozoea pwani yetu. Na kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa: tafuta jiwe zima, usitegemee lipu, na usitundike juu ya kitanda cha mzee.

Unaweza kuongeza pepo pia, ila hapo nisingetumia mashine. Mabaharia wetu wa zamani waliuhesabu mwaka kutoka Siku ya Mwaka, Nairuzi, kwa miongo: mafungu 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Toboa matundu 36 chini ya ubao, weka kijiti, na kila siku kumi mzee akisogeze mwenyewe kutoka kaskazi kwenda kusi. Nina hakika hatasahau, na nyinyi mtakuwa na sababu ya kuketi naye.

Tahadhari moja ambayo siwezi kuiruka. Saa hii ni ya mzee aliye nyumbani. Ina mwezi na jua vya wastani. Mwezi wenyewe husogea karibu na kwenda mbali, na upepo nao husukuma maji. Itakosea dakika kumi, ishirini, na siku nyingine zaidi. Kijana yeyote wa nyumba hiyo anayekwenda baharini atumie jedwali la maji ya Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari, asichungulie ukutani.

Na usiku. Hapa mimi si mtaalamu, nasema ninachokijua kwa kuwa saa ya mwili ni jirani ya kazi yangu. Ndani ya ubongo kuna saa, nayo kwa wastani hukimbia polepole kidogo kuliko saa 24, ikarekebishwa kila asubuhi na mwanga unaoingia machoni. Mtu aliyeketi chumbani kutwa kwenye mwanga hafifu hukosa marekebisho hayo, akasinzia mchana na kuamka usiku. Kabla ya kutengeneza chochote, mtoeni barazani kila asubuhi baada ya chai, akae kwenye mwanga wa nje angalau nusu saa, na usiku taa iwe hafifu. Lakini jiulize jambo moja: je, anauliza maji kwa sababu anayatamani, au kwa sababu ameanza kupotea, hajui ni usiku au mchana, hajui yuko chumba gani? Kama ni hilo la pili, mpelekeni kwa daktari na dawa zake zote mkononi. Kama limekuja ghafla, ndani ya siku moja mbili, mpelekeni siku hiyo hiyo, kwa sababu maradhi ya mwilini kama homa au mkojo mchafu huweza kumfanya mzee avurugikiwe namna hiyo, na yanatibika. Saa yetu haitibu hilo.

Kwa saa ya kale ya Ujerumani, kama nati imekwama au kamani, ile springi inayoiendesha saa, imekatika, usiifungue kamani mwenyewe. Ina nguvu ya kukata kidole. Mafundi saa wa meza za vioo bado wapo mjini, mpelekee mmoja wao mkono kwa mkono.

Ukimaliza, itie majira hivi. Lifungue jedwali, tafuta siku ya bamvua ambayo maji yatafika juu kuliko siku zote za mwezi huo, na uisome saa yake ya kujaa. Kwetu bamvua hujaa kama saa kumi hivi, alasiri na alfajiri, nawe chagua ya alasiri. Uwe umeyatenganisha magurudumu, vipini vyote viwili viko chini, mashua juu kabisa. Mpeleke mtoto ufukweni na simu. Mzee aketi mbele ya ubao. Mtoto akisema maji yamesimama, kamatanisha meno, tia betri.

Nimesahau kukuuliza alikuwa akiendesha chombo gani, mashua, jahazi au dau. Muulize kabla hujachonga, na umuulize tanga lake lilikuwa na kiraka wapi.